Dakika tano tu, mara kumi na mbili

Ushauri wa kujiboresha huja na bei yake: dakika tano tu, dakika kumi tu. Kwa ushauri mmoja bei hiyo haina ubaya. Lakini anayekushauri hajui umeshabeba mashauri mangapi, na hakuna anayejumlisha.

Tujumlishe basi. Kutafakari kimya dakika 10, shajara 10, kunyoosha viungo 10, kusoma 20, kujifunza lugha 15, kupanga siku 10: tayari ni 75. Ongeza hatua 10,000, ambazo kwa mwendo wa kawaida huchukua kama saa moja na nusu, na umefika saa mbili na dakika 45 kila siku. (Idadi hiyo ya hatua, wala haikutoka maabara. Ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichoingia sokoni Japani miaka ya 1960.)

Na hapo bado tunajidanganya. Chukua hiyo ya kunyoosha viungo. Uache ulichokuwa ukifanya, ubadili nguo, usogeze meza, utandike mkeka, utafute video, kisha ukunje mkeka, urudi kazini na ukumbuke ulikuwa umefika wapi. Dakika 10 zimekuwa 20. Gharama ya kuanza na kumaliza haipungui hata ukifupisha zoezi, ndiyo maana mambo kumi ya dakika tano huchosha kuliko jambo moja la dakika hamsini.

Halafu kuna kukumbuka. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010, ulifuatilia watu 96 kwa majuma 12. Makadirio ya kati ya muda wa jambo kuwa mazoea yalikuwa siku 66, kukiwa na tofauti kubwa, kuanzia 18 hadi 254. Kila mshiriki alichagua jambo moja. Ukianza sita Jumatatu moja, yote sita yanategemea kumbukumbu ileile kwa miezi. Kuruka siku moja, kwa mujibu wa utafiti huo, hakukuharibu kitu cha maana, kwa hiyo programu ya simu inayofuta hesabu yako yote kwa kosa la siku moja inakuonea bure.

Ushauri pia hugongana. Amka saa 11 alfajiri, pata usingizi wa saa nane, weka simu kando saa moja kabla ya kulala: maana yake simu inazimwa saa 2 usiku. Ule ushauri wa kuwapigia ndugu jioni uutimize lini?

Ninachopendekeza ni karatasi moja. Orodhesha yote unayojitwika, hata yale usiyoyafanya ila yanakusuta. Mbele ya kila moja andika dakika halisi, tangu unapoacha shughuli hadi unapoirudia, zidisha kwa mara za juma. Aliyoagiza daktari yaache nje ya hesabu. Yanayofanywa mara moja yakaisha, kama kuzima arifa au kuhamishia chaja nje ya chumba cha kulala, yamalize leo. Katika ya kila siku bakiza moja jipya, mengine yafute kwa kalamu, si kwa penseli. La pili liingie pale la kwanza litakapokuwa linafanyika bila kengele ya simu, na likiingia, andika pembeni ni muda wa shughuli gani limeuchukua.