Mgeni akipata kesi Dodoma: tunayomwambia na yaliyo kweli

Mwalimu mmoja kutoka Zambia alikuja kwangu na bahasha ya kaki aliyoikunja mara mbili. Ndani mlikuwa na barua ya kuachishwa kazi kutoka shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza hapa mjini. Niliangalia tarehe kabla ya kusoma chochote. Siku 43 zilikuwa zimepita.

"Nilikuwa nasubiri jibu la ubalozi," alisema. "Wenzangu waliniambia nianzie huko."

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, si wakili. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa 2016 nakutana na wageni wengi zaidi wanaotegemea Kiingereza: wahadhiri, wauguzi, mafundi wa miradi, walimu wa Uganda, Kenya na Zambia, na Wazungu wachache. Wengi wao hawana zile hela tunazowafikiria. Na karibu kila mmoja amekwisha kupotezwa na mwenyeji mwenye nia njema kabla hajafika kwangu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wa kwanza kuulizwa ni sisi: jirani, mfanyakazi mwenzake, shemeji.

"Nenda ubalozini kwenu, watakutetea"

Ubalozi hauendeshi kesi ya mtu. Ofisa wa konseli anaweza kumtembelea aliyekamatwa, kuwapigia ndugu zake simu, na kumpa orodha ya mawakili wanaozungumza lugha yake. Kwa kawaida hamlipii wakili, na hana uwezo wa kumtoa mahabusu wala kumwelekeza hakimu la kufanya. Haki moja kubwa ipo, nayo ni ya kutumia mapema: Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, ibara ya 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe. Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam. Treni ya SGR imeifupisha safari, sawa, lakini muda wa kisheria haukusubiri wewe urudi.

Huyu mwalimu muda ndio uliomponza. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi, kama mshahara ambao haukulipwa, ina siku 60. Kufungua shauri hakuna ada. Unajaza Fomu Na. 1, unampelekea mwajiri nakala, anasaini kwamba ameipokea, ndipo unaiwasilisha Tume. Kwa nakala hiyo tulikwenda shuleni mara tatu. Mlinzi alikataa kuigusa hata kwa kidole; mhasibu ndiye aliyesaini mwishowe, akiwa amesimama getini, karatasi ameiweka juu ya mkoba wake.

Kwa siku zilizozidi tuliomba kuongezewa muda, na hapo mtu anatakiwa aeleze kila siku aliyochelewa. "Nilisubiri ubalozi" haikutosha. Dai la kuachishwa kazi isivyo halali likafa. Lililobaki hai ni lile la siku 60: mshahara wa mwezi wa mwisho, likizo ambayo hakulipwa, na nauli ya kurudi alikoajiriwa, ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaitambua. Hayo yalimalizwa kwenye usuluhishi. Mwalimu alitumia hela ya fotokopi na bodaboda, basi. Alichopoteza kwa kweli ni zile wiki alizokaa akisubiri kwenye mlango usio wake, na bado inaniuma, kwa sababu walioshauri walimpenda.

"Msaada wa bure ni wa raia maskini, mgeni alipe"

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaangalia kama mtu ana uwezo wa kumlipa wakili, na kama haki inadai asaidiwe. Haianzi kwa kuuliza pasipoti. Mwalimu aliyekosa mshahara miezi miwili na anadaiwa kodi ya nyumba Chang'ombe hana uwezo, hata akiongea Kiingereza cha namna gani. Watoa huduma wanasajiliwa chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na kwenye halmashauri ukiuliza kwa afisa maendeleo ya jamii utaelekezwa waliopo karibu. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma 2023, imewafanya watu wengi wajue kwamba huduma hii ipo.

Niseme na mipaka yetu. Msaidizi wa kisheria anaelimisha, anasaidia kujaza fomu, anawashauri wanaogombana wapatane, anakuelekeza pa kwenda. Hasimami mahakamani kukutetea, na haruhusiwi kukutoza ada. Akikuomba "ya maji" ili faili lisogee, ondoka.

"Mahakamani ni Kiswahili tu siku hizi, mgeni hatasikika"

Ni kweli kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza. Sheria hiyo hiyo imeacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji, na mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika anatakiwa kutafsiriwa ushahidi. Amwambie hakimu siku ya kwanza, asione haya. Tena anayesoma Kiingereza ana bahati moja ambayo wenyeji wengi hatuna: hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, zinasomwa bure. Akisoma tatu zinazofanana na shida yake, atamfikia wakili na maswali ya maana, na muda mfupi wa wakili ni hela kidogo.

"Namjua wakili, bei poa"

Hapa naomba tuwe makini. Vishoka wapo, na mgeni ndiye windo lao: suti, faili la plastiki, Kiingereza cha kuungaunga, malipo ya taslimu kabla ya kazi. Wakili wa kweli yuko kwenye orodha ya mawakili na ana leseni ya mwaka husika. Jina lake linaangaliwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwa simu, mkiwa bado mmekaa naye. Anayechukia kuangaliwa amekwisha kujibu.

Kitu kingine ambacho wageni hushangaa nikiwaambia: si lazima umkodi wakili kwa kesi nzima. Unaweza kumlipa asome mkataba wa pango tu, au aandike barua ya madai tu. Barua moja yenye muhuri wa wakili imerudisha amana za nyumba nyingi kuliko kelele za mlangoni. Mkubaliane kwa maandishi, hatua kwa hatua, na risiti juu. Yule anayesema atamleta wakili wake kutoka London, mwambie mapema kwamba asiye kwenye orodha ya mawakili wa hapa hasimami mahakamani hapa.

"Nunua kiwanja kwa jina la mkeo, yataisha"

Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Ndoa haibadilishi hilo. Bwana mmoja Mwingereza, mtaa mzima tunamwita shemeji, alilipa kiwanja upande wa Nala. Alinionyesha karatasi ya mauziano: muhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wanne, na jina la mnunuzi ni kaka wa mke. Yeye hakutajwa popote, hata kama shahidi. Nilimpeleka kwa wakili siku hiyo hiyo, kazi ya saa moja, ambayo ingemfaa zaidi kabla hajatoa hela.

"Toa chochote utoke"

Dhamana ya polisi hailipiwi. Mabango yamebandikwa vituoni kwetu yakisema hivyo. Aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ukiitwa wewe kama rafiki, beba kitambulisho chako na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, maana huenda ukaombwa kuwa mdhamini. Kisha kaa naye wakati anasomewa maelezo yake, umtafsirie mstari kwa mstari, naye asisaini ukurasa ambao hajauelewa.