Mzee mmoja, mafaili matano: dhana potofu kuhusu kuunganisha huduma za wazee

"Huduma za wazee ziwekwe chini ya paa moja, mambo yatakwisha." Dhana hii ndiyo husikika zaidi. Lakini muuguzi na afisa ustawi wa jamii wanaweza kutumia korido moja miaka mingi, kila mtu na faili lake, huku mzee akiulizwa maswali yale yale. PRISMA, mfumo wa kuunganisha huduma za wazee wa Quebec, Kanada, haukuvunja taasisi yoyote. Uliweka mlango mmoja wa kuingilia, fomu moja ya tathmini, faili moja la kompyuta, na mratibu wa kumfuatilia kila mzee mwenye mahitaji mengi. Kasi ya wazee kudhoofika ilipungua, na gharama ya jumla haikupanda. On Lok, taasisi ya kuhudumia wazee ya San Francisco, Marekani, iliyoanza mapema miaka ya 1970, ilikuwa na jengo kweli, ila nguvu yake kubwa ilikuja baadaye: fungu moja la fedha kwa kila mzee kila mwezi, hivyo hakuna wa kumsukumia mwenzake gharama.

"Ugonjwa ni wa daktari, mengine ni ya ustawi." Chukua mzee aliyevunjika nyonga. Hospitali imeunga mfupa, imemruhusu. Nyumbani akiinuka kitandani kizunguzungu kinamshika, kwa sababu ya vidonge vya presha. Njia ya chooni haina taa. Anayempikia hufika mchana, kwa hiyo dawa za asubuhi anazimeza tumbo tupu. La daktari ni lipi hapo? Anayeyaona haya yote ni msaidizi wa nyumbani, na mara nyingi hana hata namba ya mtu wa kumpigia. Ningeambiwa nirekebishe jambo moja tu, ningeanza na hiyo namba. Ndiyo maana ICOPE, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma jumuishi kwa wazee, haupimi tu kutembea, kumbukumbu, lishe, macho, masikio na dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha). Unamwangalia na mlezi pia.

"Serikali ikisaidia, familia itajitoa." Kwa kawaida familia hubaki, ila hubadilisha kazi: kuogesha na kugeuza mgonjwa kunapungua, kukaa naye kunabaki. Anayejitoa ni mlezi aliyeachwa peke yake mpaka akaugua.

"Kuunganisha huduma kutaokoa fedha mara moja." Hapana. Mwanzoni matumizi huweza kupanda, maana wazee ambao hakuna aliyewaona sasa wanaonekana.

"Aulizwe mwanawe, mzee haelewi." Usahaulifu peke yake haumnyimi mtu haki ya kuamua. Maadamu anaweza kuamua, ridhaa ni yake, pamoja na ya nani asome faili lake.