Kompaila Yako Inakaa Wapi, na Inamshonea Nani?

Naandika kompaila ya C, yaani programu inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa programu inayoweza kuendeshwa, na mstari wake mmoja ulinilia wikendi nzima. Nilitaka kujua `long`, mojawapo ya aina za namba kamili za C, ina baiti ngapi, nikaandika `sizeof(long)` ndani ya kompaila yenyewe. Nilikuwa kwenye Linux ya biti 64, jibu likawa 8. Programu nilizojenga kwa ajili ya Linux zikaenda vizuri. Zile za Windows zikawa zinaharibu data kimyakimya, maana Windows ya biti 64 huipa `long` baiti 4. Nilikuwa kama fundi cherehani aliyejipima mwenyewe, kisha akamkatia mteja kanzu.

Tangu siku hiyo, nikikuta msimbo unaotaja mfumo endeshi, swali langu la kwanza ni: unamsema nani? Kompaila ina mifumo miwili. Kuna ule inaoendeshwa juu yake, ninaouita mwenyeji, na kuna ule utakaoipokea programu inayozalishwa, yaani shabaha. Kwenye kazi nyingine za programu huna haja ya kuitenganisha, ndiyo maana wageni wa kompaila hujikwaa hapa. `#ifdef _WIN32`, sharti la C linaloingiza msimbo pale tu ujenzi ukiwa wa Windows, likiwekwa ndani ya kompaila hujibu kuhusu mwenyeji tu. Sharti hilo haliijui shabaha kabisa.

Kwa hiyo mambo ya shabaha nimeyaondoa kwenye masharti ya `#ifdef` yote, nikayafanya jedwali la data. Mtumiaji anataja jina kama `x86_64-pc-windows-msvc`, na kompaila inachagua safu yake. Humo mna ukubwa wa `long`, muundo wa faili ya mwisho (ELF, Mach-O au COFF), na rejesta (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za kupitishia hoja, yaani thamani zinazopewa funksheni. Kwa hoja za namba kamili, Linux hutumia RDI, RSI, RDX, RCX, R8 na R9. Windows ina nne tu, RCX, RDX, R8 na R9, tena anayeita funksheni lazima aache baiti 32 kwenye steki (eneo la kumbukumbu la funksheni zinazoendelea) kwa ajili ya anayeitwa, hata zisipotumika. Sasa naweza kuijaribu Windows yote hiyo nikiwa nimekaa kwenye Linux.

Upande wa mwenyeji nimeiga LLVM, mradi wa msimbo huria wa kutengenezea kompaila. Ndani ya `lib/Support` wana folda `Unix` (familia ya mifumo kama Linux na macOS) na `Windows`. `Path.cpp` hubeba yaliyo ya pamoja, kisha huingiza `Path.inc` ya folda moja kati ya hizo. Sharti linakaa mahali pamoja badala ya kutapakaa kama mchele uliomwagika. Na wamekwenda mbali zaidi: funksheni zao za njia za faili hupokea mtindo, posix (ule wa Unix) au windows, kwa sababu hata mkwaju wa njia (`/` au `\`) wakati mwingine si suala la mwenyeji.

Lugha ya Go hutumia mkia wa jina la faili: `faili_linux.go` hujengwa kwa Linux tu. Napenda, ila una mtego wake. Toleo la 1.19 la mwaka 2022 lilipoongeza sharti la `unix`, mkia `_unix.go` haukupewa maana hiyo, kwani tayari kulikuwa na faili nyingi zenye jina hilo. Lazima uandike `//go:build unix` mwenyewe.

Neno "Unix" lenyewe nalitilia shaka. Linux huahidi kutovunja miito ya kerneli, yaani maombi ambayo programu hupeleka kwenye kiini cha mfumo. Apple haiahidi hivyo. macOS Sierra ilipobadilisha mwaka 2016 namna ya ndani ya kuuliza saa, programu zilizojengwa kwa Go ya zamani zikaanza kuanguka, na kuanzia Go 1.12 programu za Go kwenye macOS hupitia libSystem, maktaba ya mfumo ya Apple yenyewe. Kwa hiyo nina folda `linux` na `macos` pia, na `unix` nimeiachia yale yanayofanana kweli, ambayo ni machache kuliko nilivyodhani.

Kilichokataa kukaa upande wowote ni kutafuta kiunganishi, ile programu inayounga vipande kuwa faili moja. Kipi kitafutwe, hiyo ni juu ya shabaha. Kitafutwe wapi, ni juu ya mwenyeji. Nimekipa faili yake, `kiunganishi.cpp`, na ndiyo pekee inayoruhusiwa kuingiza vichwa (faili za matangazo ya funksheni) vya pande zote mbili. Ukivichanganya kwenye faili nyingine, hati ya ujenzi inagoma.