Cheti Sahihi, Miwani Isiyokaa: Dhana Tunazonunua Nazo Miwani Lamu

Dhana: Namba ya daktari, yaani nguvu ya lenzi iliyoandikwa kwenye cheti, ikiwa sahihi, fremu yoyote itafaa.

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Kila lenzi ina kitovu, nacho kinapaswa kuwa mbele ya mboni. Kwa watu wazima wengi, umbali kati ya mboni mbili ni milimita 54 hadi 74, kwa hiyo wawili wenye namba ileile huenda wasiweze kuchongewa lenzi kwa kipimo kimoja. Kitovu kikihama, lenzi hupinda mwanga kama prizimu (kioo chenye umbo la kabari), na macho hulazimika kuvutana ili picha mbili ziwe moja. Namba ikiwa kubwa, kosa huuma zaidi: kwa namba 6, kuhama milimita 5 huzaa mpindo wa prizimu wa kipimo cha 3, na huo si mdogo. Mchonga milango anayeinamia nakshi ya mbambakofi tangu asubuhi atamaliza siku kichwa kikimgonga, kisha adhani macho yake yameharibika zaidi. Kabla ya kulipa, hakikisha umepimwa umbali kati ya mboni.

Dhana: Ikibana, utaizoea.

Macho huweza kuhitaji siku chache kuzoea lenzi mpya. Pua na masikio hayadaiwi uvumilivu huo. Rudi dukani: mikono ya plastiki hupashwa moto ikakunjwa upya, na vishikio vya pua hurekebishwa. Anayevaa kofia ya vito au mtandio aijaribu miwani akiwa navyo, kwa sababu ndivyo atakavyoivaa. Na iliyolegea ni tatizo vilevile, hasa kwetu kwenye joto na jasho. Miwani yenye namba kali ikiteleza puani, nguvu inayolifikia jicho hubadilika.

Dhana: Mtoto anunuliwe kubwa, akue nayo.

Tafadhali, tusifanye hivi. Viatu vikubwa vitamsubiri, lakini jicho la mtoto bado linajifunza kuona. Miwani ikimshuka atachungulia juu ya fremu, na jicho lisilopata picha safi utotoni huweza kubaki dhaifu.

Dhana: Maandishi ndani ya mkono wa miwani ni ya kiwanda tu.

Ukikuta 52, 18 na 140, ni upana wa lenzi, nafasi ya pua na urefu wa mkono, kwa milimita. Ukiwa na miwani inayokukaa vizuri, nakili namba hizo uende nazo dukani.