Tiba ya mazungumzo kwa njia ya mtandao ni nini?

Ni vikao vya faragha kati yako na mshauri nasaha mmoja ambaye unajua jina lake na sifa zake za kitaaluma, mkionana kwa video au kusikilizana kwa sauti. Kikao huchukua dakika 45 hadi 60, aghalabu mara moja kwa wiki. Kuandikiana na mtu usiyemjua kila unapozidiwa na mawazo kunaweza kukuliwaza, lakini si tiba hii.

Mshauri mzoefu utamjua hata kabla hujaeleza kilichokuleta. Kila kikao huanza kwa kuuliza, "Leo uko wapi?" Hapo hakusalimu. Anataka mtaa, jengo, na namba ya ndugu au rafiki aliye karibu nawe, ili mambo yakiharibika ajue msaada aupeleke wapi. Wiki hii unaweza kuwa Mwanza, wiki ijayo Muscat, na yeye anachoona ni ukuta tu nyuma yako. Mtapatana pia mtandao ukikatika nani ampigie mwenzake, na baada ya dakika ngapi. Asiyegusa mambo haya, vyeti vyake viwe vingi namna gani, kazi ya mtandaoni bado hajaizoea.

Wengi hutumia dodoso la PHQ-9 kupima dalili za sonona. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27; kuanzia 10 mshauri huchunguza zaidi. Ila jicho la mzoefu hukimbilia swali la 9, linalouliza kama umewaza kwamba heri ufe au ujidhuru. Jumla yako inaweza kuwa 6 tu, lakini ukiwa umejibu chochote zaidi ya 0 hapo, mengine yote yatasubiri. Na kama tayari una mpango wa kujidhuru, usingoje kikao: mwambie mtu aliye karibu na mwende hospitali sasa hivi.

Kinachoharibu vikao vingi ni kukosa faragha. Hedifoni huficha sauti ya mshauri, yako inabaki inasikika hadi sebuleni. Wapo wanaoongelea ndani ya gari lililoegeshwa, wapo wanaowasha redio nje ya mlango. Pangeni na neno la kukwepea: ukisema "ile ripoti nitaituma kesho," mshauri ajue kuna mtu ameingia na abadilishe mada papo hapo. Kama anayekuumiza ni mtu unayeishi naye na huwa anapekua simu yako, vikao vya nyumbani vinaweza kukuongezea hatari. Afadhali uonane na mshauri ana kwa ana, mahali pengine.

Kamera nayo huonyesha uso tu. Mguu unaotetemeka chini ya meza hauonekani, kwa hiyo usishangae ukiulizwa mwili unajisikiaje. Video hula kama nusu GB hadi zaidi ya GB 1 kwa saa, sauti peke yake mara nyingi haifiki MB 100. Bando likiwa dogo chagua sauti tangu mwanzo, maana picha kuganda katikati ya kilio huvuruga kuliko kutoonana kabisa.

Halafu kuna saa. Programu huandika 20:00, wewe unasema saa mbili usiku, na Muscat iko mbele ya Nairobi kwa saa 1. Thibitisheni kwa maandishi, pamoja na jina la mji.

Kuhusu sifa, Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayodai usajili, basi omba namba. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo, na kinachoangaliwa ni mahali ulipo wewe mteja. Uliza pia nani humsimamia kikazi. Mzoefu wa kweli halioni swali hilo kuwa dharau. Mshauri nasaha haandiki dawa. Ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukikaa siku kadhaa bila kulala wala kuchoka, anapaswa kukupeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Ikifika kikao cha sita na alama za dodoso hazijasogea, mwulize waziwazi anafikiri ni kwa nini, na atabadilisha nini kuanzia kikao kijacho.