Nyuzi zikijazana chini, kosa liko juu

Wiki hii nimeletewa cherehani ya tatu "mbovu", na kwa mara nyingine tena haikuwa mbovu. Mama aliyeileta alikuwa anamshonea mwanawe foronya. Kila akianza mshono, upande wa chini unajaa kichaka cha nyuzi, kitambaa kinanaswa, na anaishia kukinasua kwa mkasi. Alikuwa ameshanunua bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) mpya mara mbili. Skrubu ya kijumba cha bobini ameikaza mpaka uzi hautoki. Alipofika kwangu alikwisha kuamua kwamba kushona hakumfai.

Niliilegeza kwanza ile skrubu, kisha nikachomoa uzi wote wa juu, nikanyanyua mguu unaokandamiza kitambaa, nikatunga upya. Mshono ukatoka safi pande zote mbili. Kutunga huko hakukufika hata dakika moja.

Nafundisha akina mama kushona vitu vya nyumbani: foronya, mikoba ya kitambaa, bibu za watoto, kaptula za lastiki. Hakuna dhana inayoniumiza kama hii, kwamba nyuzi zikijazana chini basi kosa liko kwenye bobini. Imewafanya wanawake wengi wafunike cherehani zao na kuziweka juu ya kabati. Kosa liko juu, karibu kila mara.

Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya kitambaa. Ndio mshono wa cherehani ambayo mvumbuzi Elias Howe alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1846, na cherehani za nyumbani bado zinaufuata. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi wa juu huacha kitanzi kidogo. Ndoana ya chini hukidaka kitanzi hicho na kukipitisha kuizunguka bobini nzima. Kisha ule mkono unaopanda na kushuka mbele ya cherehani huuvuta uzi uliozidi urudi juu. Kwa kila hatua moja ya sindano, uzi wa juu unashuka mwingi na unatakiwa kurudi. Usiporudi, unabaki chini. Kile kichaka unachoilaumia bobini ni uzi wa juu. Tunga uzi mwekundu juu na wa bluu chini, shona kwenye kipande cha majaribio, halafu geuza utazame ni rangi gani iliyojazana.

Sasa kwa nini haurudi? Uzi wa juu hupita katikati ya visahani viwili vinavyoubana ili ukaze. Katika karibu cherehani zote za nyumbani, mguu ukiwa juu visahani vinaachana, ukishushwa vinabanana. Ukitunga uzi huku mguu uko chini, uzi hauingii katikati ya visahani, unalala pembeni tu. Kwa macho unauona umepita kila mahali panapotakiwa, kumbe haujabanwa na chochote. Nyanyua mguu kabla ya kutunga, kila siku, hata kama una haraka. Ukimaliza, uvute uzi kwa mkono mguu ukiwa juu: unateleza. Shusha mguu, uvute tena: unagoma, na sindano inapinda kidogo. Kama unateleza hali zote mbili, tunga upya. Unapoanza mshono, shikilia ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma, kiasi cha sentimita 10, mpaka sindano ipige hatua tatu nne.

Na tafadhali, iacheni skrubu ya bobini. Ikiwa umeshaigusa, na kijumba chako ni kile cha chuma kinachotoka, kitie bobini, kishike kwa uzi wake kining'inie. Kinatakiwa kukaa kimya, na ukikitikisa kidogo kishuke sentimita chache kisha kisimame. Kikianguka chenyewe, kaza. Kisiposhuka kabisa, legeza. Usizungushe zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja. Ya yule mama nililazimika kuilegeza karibu mzunguko mzima.

Dhana ya pili inaifuata hiyo kwa karibu: sindano hubadilishwa ikivunjika. Hapana. Sindano huchoka kwa saa kama nane za kushona. Ncha inakuwa butu, inaanza kutoboa kwa nguvu, na wewe unasikia mlio wa "tak, tak" ukidhani cherehani inataka mafuta. Pia soma namba. Kwenye 80/12, hiyo 80 ni unene wa milimita 0.8. Inafaa pamba ya kawaida. 70/10 ni ya vitambaa vyepesi, 100/16 ni ya jinzi. Kitambaa kinachovutika, kama cha fulana, kinataka sindano yenye ncha ya mviringo, inayosogeza nyuzi badala ya kuzikata. Ukiona mishono inaruka ruka kwenye fulana ya mtoto, anza na sindano, na ushone kwa zigizagi nyembamba ili mshono uvutike pamoja na kitambaa. Ukiipachika, ule mfereji mrefu wa sindano uelekee upande uzi unakoingilia.

"Kitambaa ni kipya, hakuna haja ya kukifua." Haya ndiyo maneno ninayoyasikia siku ya kukata, na mwezi mmoja baadaye naletewa kaptula isiyoingia. Pamba ambayo haijafuliwa huweza kurudi asilimia 3 hadi 5, nyingine zaidi. Kwenye mita moja hizo ni sentimita 3 hadi 5. Uzi wa poliesta hauwezi kurudi pamoja nayo, kwa hiyo hata kama nguo itaingia, mishono itajikunja. Fua kitambaa kwa namna ileile utakayoifua nguo. Kama utatumia maji ya moto baadaye, tumia ya moto sasa.

Kugeuza patani (kielelezo cha kukatia) upande wowote ili kuokoa kitambaa nako ni hasara. Nyuzi za mtande, zinazokwenda sambamba na ukingo uliofumwa wa kitambaa, ndizo zisizovutika sana. Mguu wa suruali uliokatwa mshazari utajipinda kila ukifuliwa, na hakuna pasi itakayounyoosha. Na pasi yenyewe si ya mwisho wa kazi. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mshono mwingine, kwa kukandamiza na kunyanyua, bila kuburuta.

Foronya lazima iwe na zipu? Hailazimiki. Kwa mto wa sentimita 45 kwa 45, kata kipande kimoja cha 48 kwa 110. Pinda ncha mbili fupi, kikunje upande mzuri ukiwa ndani ili ncha zipandane kiasi cha sentimita 15 katikati, shona pande mbili zilizo wazi kwa kuacha sentimita 1.5, geuza. Kazi ya nusu saa.

Wengine huniambia kushona kwa mkono ni kwa asiye na cherehani. Mimi napiga bandi (mishono mirefu ya muda) zipu zote kwa mkono kwanza, na sijutii muda huo hata kidogo.

Inabaki ile ya akina mama wenye watoto wadogo, kwamba wasubiri watoto wakue. Nimelea watoto wawili nikishona. Sikungoja siku nzima ya kukaa kwenye cherehani, kwa sababu siku hiyo haiji. Usiku mmoja nakata, usiku wa pili napiga bandi, wa tatu nashona, na kila kitu cha kazi moja kinakaa kwenye mfuko wake. Binti yangu wa miaka saba ndiye msimamizi wa kunyanyua mguu wa cherehani, na haruhusu nitunge uzi kabla.

Ninachokataa ni ulegevu kwenye usalama. Usiweke kamba ya kukaza shingoni au kwenye kofia ya nguo ya mtoto, hata kama patani inaonyesha. Kiwango cha Ulaya EN 14682 hakiruhusu kamba hizo kwa watoto walio chini ya miaka 7, kwa sababu zinanasa na kunyonga. Tumia lastiki ndani ya pindo. Vifungo vya mtoto anayetia vitu mdomoni, acha kabisa. Pini nazihesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na ikikosekana hata moja, hakuna anayeingia chumbani pekupeku mpaka nimepitisha sumaku sakafu yote.