Kabla ya kuuliza Mbps, uliza faiba inapita nguzo ipi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa mwanangu, nimekuita uniangalizie mtandao, mbona macho yako yako kwenye nguzo?"

Tulikuwa nyuma ya jengo lake la ghorofa nne, Kijenge, Arusha. Ofisi kumi na moja: wakili, mhasibu, kampuni mbili za utalii, asasi moja, fundi wa kamera na wengine. Nikamwonyesha kwa kidole. Nguzo moja ya mbao, mpya bado inanuka dawa, na juu yake kebo nyeusi mbili za faiba, nyuzi za kioo zinazoleta intaneti, zimebanwa sentimita chache kutoka moja hadi nyingine. Ya kwanza ni ya kampuni aliyoanza nayo. Ya pili aliiongeza mwaka jana kutoka kampuni nyingine, ili huku kukikatika wabaki na kule. Wiki mbili kabla ya mimi kufika, lori la mchanga lilirudi nyuma vibaya likaing'oa nguzo ya zamani. Laini zote mbili zikalala chini kwa pamoja. Wapangaji wakaishi na bando za simu siku moja na nusu, na mzee akawa analipa ankara mbili za intaneti ambayo haipo.

Kila wiki naulizwa kampuni ipi nzuri hapa mjini. Silijibu swali hilo, na si kwa kuogopa kuwaudhi watu. Kampuni inayosifiwa Njiro utakuta inalaaniwa Sakina, na wote wawili wanasema kweli. Intaneti ya jengo lako inategemea zaidi kile kipande cha mwisho, kutoka kabati la mtoa huduma hadi ukutani kwako: kinapita nguzo zipi, kinavuka barabara inayochimbwa kila mwaka au la, na fundi wa zamu anakaa wapi. Nembo kwenye ankara haikuambii lolote kuhusu hayo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya miguu. Kabla ya kusaini, mwombe muuzaji akuletee fundi, si bango, mtembee naye njia nzima ya kebo. Kama unataka watoa huduma wawili, wa pili aingie kwa upande mwingine wa jengo, au kwa njia nyingine kabisa. Mara nyingi namshauri mwenye jengo achukue faiba moja na antena moja ya redio juu ya paa. Redio ina mambo yake. Lazima ionane na mnara bila kizuizi, na Arusha ina miti: leo mnaonana, miaka mitatu baadaye mgrivea wa jirani umesimama katikati. Masafa ya GHz 5 hayasumbuliwi sana na mvua, ila hayahitaji leseni ya pekee, hivyo kila mtu yumo humo na mnaingiliana. Masafa ya juu, GHz 18 au 23, ni masafi zaidi, lakini mvua kubwa ya masika huyapunguza nguvu. Hata hivyo lori la mchanga haliwezi kuangusha mawimbi.

Sasa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti. Muuzaji anapokwambia 100, muulize maswali mawili: za kupakia (kutuma) ni ngapi, na tunagawana na nani? Faiba nyingi za bei nafuu ni za mfumo wa GPON, ambapo uzi mmoja wenye takriban Gbps 2.5 za kushusha na 1.25 za kupakia hugawanywa kwa wateja 32 au 64. Hakuna ubaya, ndiyo maana bei iko vile. Tatizo ni kwamba ofisi za Arusha hazina saa za kawaida. Kampuni ya utalii inapoanza kuongea na wateja wa Marekani, kwao ni asubuhi na kwetu ni jioni, muda uleule mtaa mzima umerudi nyumbani kuangalia mpira na video. Ukipima kasi saa nne asubuhi utaridhika. Pima saa mbili usiku.

Na usipime kwa kile kitufe cha kupima kasi peke yake. Kinakutafutia seva (kompyuta ya kujibu) ya karibu, mara nyingi iliyo ndani ya mtandao wa mtoa huduma mwenyewe au wa jirani yake. Ni kama kupima afya ya gari kwa kulizungusha uani. Mimi huacha kompyuta ndogo ikipiga ping, yaani kutuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu, kila sekunde, siku saba mfululizo, kwa anwani tatu: ruta ya mtoa huduma, seva iliyoko Dar, na seva iliyoko Ulaya. Ping ya kwanza ikipotea, shida iko kwenye kipande cha mwisho. Ya kwanza na ya pili zikiwa sawa na ya Ulaya inayumba, shida iko mbele, aghalabu kwenye njia ya kutoka nchini. Pakiti, vile vipande vidogo vya data, zikipotea hata asilimia 2 utashangaa: tovuti zinafunguka vizuri, lakini sauti kwenye kikao cha video inakatikakatika kama redio ya mkulima shambani.

Njia ya kutoka nchini si jambo la wataalamu tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi jirani. Waliokuwa na njia mbadala waliyumba kidogo tu. Kwa hiyo muulize mtoa huduma: njia ya baharini ya Dar ikiziba, mnatokea wapi? Sisi tuko kilomita mia na ushee tu kutoka Namanga, na ng'ambo ya mpaka ipo njia ya nchi kavu hadi Mombasa. Anayekujibu kwa kina, hata kama jibu si zuri, ni afadhali kuliko anayekwambia "bosi, usijali kabisa".

Mkataba nao usomwe kwa kikokotoo mkononi. Upatikanaji wa asilimia 99 unasikika vizuri, lakini kwa mwezi wa siku 30 ni ruhusa ya kukatika saa 7 na dakika 12. Asilimia 99.9 ni dakika 43. Zaidi ya asilimia, tafuta mstari unaosema fundi atafika ndani ya saa ngapi, na kama saa hizo zinahesabika Jumapili. Tafuta pia fidia: siku zilizokatika zinapunguzwa kwenye ankara, au unaambiwa pole? Bei "isiyo na kikomo" huwa na kikomo chake kwenye maandishi madogo, ambapo baada ya kiasi fulani kasi inashushwa. Hakikisha kampuni ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Ukilalamika, anza kwao kwa maandishi na utunze namba ya lalamiko, kwa sababu ukienda TCRA, na Kanda ya Kaskazini wana ofisi hapahapa Arusha, jambo la kwanza wataliuliza ni kama mtoa huduma alipewa nafasi ya kurekebisha.

Jengo la wapangaji wengi lina jambo moja ambalo ofisi ya mtu mmoja haina. Nililijua kwa taabu. Wote wakitoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP, mpangaji mmoja mwenye kompyuta yenye kirusi kinachotuma barua taka anawachafua wote. Siku moja, katika jengo jingine, barua pepe za wakili zilianza kurudishwa na mahakama haikumsubiri. Mkosaji alikuwa ghorofa mbili juu, na wala hakujua. Tangu hapo naomba kifungu cha anwani nane za umma. Ukitoa zile mbili zisizotumika na ya ruta ya mtoa huduma unabaki na tano, na anayehitaji anapewa yake. Kila ofisi naiwekea mtandao wake ndani ya swichi, kifaa kinachounganisha nyaya za ofisi zote, wasionane, na kwenye ruta naweka mgawo wa kasi. Vinginevyo kijana wa kampuni ya utalii anapakia video za nyumbu wakivuka mto Mara, kasi ya kupakia inajaa, na mhasibu tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani ya VAT, anaona duara linazunguka tu.

Kwa mzee wa Kijenge tuliivunja ile laini ya pili. Badala yake ipo antena juu ya paa, imewekewa waya wa ardhini maana radi za hapa hazina mzaha, na ruta inahamia huko yenyewe faiba ikikata. Tulijaribu kwa kuchomoa faiba mchana kweupe wakati wakili yuko kwenye kikao cha video. Picha ikaganda sekunde chache, ikaendelea.

Wiki iliyofuata akanipigia tena: mtandao wote umekufa, faiba na redio. Nikawasha pikipiki. Nikakuta ofisi zote zina umeme, kila moja na mita yake, ila korido ina giza. Kabati la ruta lilikuwa kwenye luku ya korido, ile ya taa za ngazi na pampu ya maji, na uniti zilikuwa zimeisha. Betri iliyobeba ruta kwa saa tatu nayo ilikuwa imekwisha. Mlinzi alijua tangu alfajiri, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba luku ile inahusu intaneti. Sasa ana namba ya mita kwenye simu yake, na mzee anamtumia hela ya umeme kila tarehe moja.